Mashine Tuliyoinunua Kamenge

Mpendwa Baba Neema,

Usishtuke kuniona naandika. Unajua mimi si mtu wa barua. Hata dada yangu wa Kigoma nilikuwa namjibu kwa mdomo, kupitia yeyote aliyekuwa anapanda boti. Lakini kuna swali uliniuliza ukiwa hai nami nikakunyamazisha, na wiki hii limenirudia kwa nguvu mpaka chakula hakipiti. Nimeona nikujibu kwa kalamu, polepole, bila wewe kunikatiza. Ulikuwa na tabia ya kunikatiza, na sijaisamehe kwa sababu tu umekufa.

Ili nikujibu vizuri lazima nirudi Kamenge, siku ile tulipokwenda kuiangalia mashine ya kukereza chuma. Siku hiyo uliwasimulia mafundi wenzako mara nyingi sana, na kila ukiisimulia, mimi kazi yangu ilikuwa kubeba kikapu. Leo nasimulia mimi.

Unakumbuka mji ulivyokuwa. Nchi jirani zilikuwa zimetuwekea vikwazo, vipuri haviingii, petroli inauzwa kwenye chupa za bia. Barabara ya kaskazini ilipitika kwa msafara wa askari tu. Ya kusini, ya kwetu Rumonge, magari yalikuwa yanaviziwa na watu wanashushwa. Uvira kwenu kulikuwa na vita vyao. Bujumbura ilikuwa kama chumba chenye milango minne, na kila mlango una mtu mwenye bunduki. Jioni ikikaribia kila mmoja anakimbilia kwake, anafunga, anasikiliza. Sisi tulikuwa na bahati ya kukaa Buyenzi, mahali ambapo watu wa kila namna walikuwa bado wanaombana chumvi, lakini hata Buyenzi ulikuwa unajua mwisho wa mtaa ulipo na huupiti ovyo.

Kiwanda chenu kilikuwa kimefungwa kwa kukosa malighafi. Wewe, mtu uliyezoea kusimama mbele ya mashine na kuona chuma kinatoka kama maganda ya chungwa, ukawa unakaa uani unachonga bushi za minibasi, zile pete za chuma, kwa tupa na jiliwa. Bushi moja ilikula siku nzima. Vidole vyako vilikuwa vinatoka damu na minibasi zikirudi zinalalamika. Jirani akipita akikuuliza kazi inaendaje unamjibu, "Inaenda, inaenda." Kisha unaingia ndani unalala kifudifudi.

Mimi wakati huo nilikuwa na begi chini ya kitanda. Hukuwahi kuligusa, ila ulilijua. Ndani kulikuwa na vitenge viwili, sufuria ndogo, nguo za Neema na cheti chake cha ubatizo. Dada alikuwa ametuma neno: njooni, chumba kipo. Boti zilikuwa zinatoka kwa kubahatisha, lakini zilikuwa zinatoka. Na akiba yetu yote, wewe wajua ilivyokuwa, ilitosha jambo moja tu: ama kututoa sote watatu hadi Kigoma na kutuanzisha huko, ama kununua mashine. Haikutosha mawili.

Hatukugombana. Afadhali tungegombana. Tulikuwa na adabu, tunapishana mlangoni, "Pita," "Hapana, pita wewe." Nilichokuwa nakiwaza ni hiki: watu wanakimbia na godoro, wanakimbia na sufuria, nimemwona mtu amekimbia na mlango wa nyumba yake kichwani. Sijamwona mtu aliyekimbia na mashine ya kukereza chuma. Ukiinunua umeshajifunga mguu.

Tulikwenda Jumapili, kwa sababu mume na mke waliovaa vizuri Jumapili hawaulizwi sana. Rula yako ya chuma uliifunga ndani ya kitenge changu pamoja na Biblia. Kwenye kizuizi cha kuingia Kamenge askari alitutazama pua kwanza, akisie kabila letu, halafu ndiyo akatazama vitambulisho.

"Munaenda wapi?"

"Kusali, shefu."

"Kusali Kamenge? Makanisa ya Buyenzi yote imejaa?"

"Tuko na bibi mugonjwa kule," ukasema. "Tutasali, kisha tutamuona."

Ulidanganya vizuri mpaka mimi mwenyewe nikaanza kumhurumia huyo bibi. Tukapita. Kamenge ilikuwa imehamwa siku za mapigano na watu walikuwa wanarudi mmoja mmoja. Nyumba nyingi zilikuwa kuta tu, mabati yameondoka na wenyewe, au na wengine. Nyasi zimeota vyumbani. Nilikuwa nimeshika mkono wako, jambo ambalo hatukulizoea hadharani.

Bibi Yudita hakuwa mgonjwa hata kidogo. Alitupokea kwa sauti kubwa kana kwamba ametuzaa. Mashine ilikuwa ya mwanawe, fundi Sirili, aliyekimbilia kambini Tanzania siku mtaa ulipohama. Naye bibi alikimbia, akalala vilimani, akarudi, akakuta nyumba haina paa lakini mashine ipo palepale kwenye banda, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuibeba. Sirili alikuwa ametuma ujumbe kwa watu wanaopita: Mama, iuze, ezeka nyumba. Ila kulikuwa na wafanyabiashara wa vyuma chakavu waliokwisha kuja na nyundo zao, na bibi akawafukuza.

"Mi siuzishe kwa kilo," akatuambia. "Mutoto wangu alikula kupitia hii. Nitauzisha kwa mutu wa kufanya kazi. We ni mutu wa kufanya kazi?"

Ulimwonyesha vidole vyako. Akavitazama, kisha akatufungulia banda.

Nikiri kwamba nilipoiona nilifurahi. Ilikuwa imeoza, kwa macho yangu. Mwili mzima umefunikwa na utando mweusi mzito kama masizi ya sufuria ya wali ulioungua, vumbi na manyoya yamenatia humo, gurudumu moja la mkono limevunjika, nyaya zimekatwa na mtu. Na juu ya kile kigari kinachobeba kisu na kwenda mbele na nyuma juu ya reli, kuku mwekundu alikuwa amelalia mayai. Nikajisemea, asante Mungu, tunarudi nyumbani, na wiki ijayo tunapanda boti.

Ulianza kumsogelea kuku. Bibi akaruka.

"Uyo usimuguse! Anakaribia kutotoa."

"Bibi, lazima nisogeze kigari nione chini yake. Apo ndiyo kunaumiaka sana."

"Angalia kwingine. Mashine ni kubwa."

Hapo ndipo nilipojua wewe ni fundi na si mtu wa kubahatisha, kwa maana mwingine angekasirika. Ulizunguka. Ukanieleza kwa sauti ya chini, kana kwamba tuko kanisani kweli, kwamba reli inachakaa karibu na kichwa kinachoshika chuma, maana kazi nyingi hufanyika pale, na mwisho wa mbali hubaki kama mpya. Ukitaka kujua mashine imeteseka kiasi gani unalinganisha hapa na kule. Ukalaza rula, ukapenyeza karatasi ya sigara chini yake, ukaivuta taratibu. Mahali pengine iligoma, mahali pengine ikatoka kirahisi. Ukaomba mwiko wa bibi, ukaweka mpini sikioni na kichwa chake kwenye chuma, ukazungusha kwa mkono huku umefumba macho. Ukachukua mti, ukainua kile kichwa cha mashine kuona kama kinacheza. Nilikutazama na nilikupenda, na nilikuwa naomba dua kinyume chako. Yote mawili kwa wakati mmoja.

Kisha ukaanza kuitukana. "Hii gia iko na jino imetoka. Nati ya shaba imekuwa majani kabisa, angalia, yote ni kijani. Hii ni takataka, Bibi." Bibi akawa ananywea. Mimi ndiye niliyekufa moyo, kwa sababu nilikujua sokoni. Kitu usichokitaka unakisifu na kuondoka. Kitu unachokitaka unakitukana mpaka mwenye nacho anakuonea aibu. Hata mimi uliwaambia wajomba zangu wa Rumonge kwamba ni mwembamba na napika vibaya.

Bibi akanichukua nikanywe maji nyumbani, chini ya turubai lililokuwa paa lake. Tuliongea kuhusu mihogo na kuhusu miguu yake. Tuliporudi ulikuwa unafuta damu kwenye kiganja. "Bati imenikata," ukasema. Halafu ukaniita.

"Mama Neema, kuja unuse apa."

"Ninuse nini?"

"Haya mafuta. Ni mawese. Walipaka mashine yote. Kama walipaka mabichi, iko maji ndani, na chini ya kigari chuma imekwisha kuliwa. Kama walikaanga kwanza, maji ilitoka, na chini iko salama. Kigari siwezi kusogeza. Mi pua yangu iliisha kiwandani. We ni mutoto wa Rumonge, mama yako alikamua mawese maisha yake yote. Niambie."

Niliinama. Hujawahi kujua kilichopita kichwani mwangu muda ule, kwa hiyo nakuambia sasa. Kwetu hata mtoto mdogo anajua. Mawese mabichi yakikaa muda mrefu yanachacha, yananuka kama gunia la muhogo lililonyeshewa. Yaliyokaangwa yananuka jiko la jana. Nilitaka yawe mabichi. Niliomba yawe mabichi, Baba Neema, nilimwomba Mungu Jumapili, na pua yangu iko hapo juu ya chuma. Nikakwangua kidogo kwa ukucha. Na nikakuta, imenatia kwenye utando, karibu na mguu wa kuku, kipande cheusi cha kitunguu.

Nyumbani kwetu hakuna mwanamke anayekaanga mawese bila kutupia kitunguu. Kikianza kuwa cheusi ndipo anajua yameiva. Mtu alikuwa ameiandalia mashine mafuta kama anavyoyaandalia maharagwe. Nikamgeukia bibi.

"Ni mi," akasema, na hapo sauti yake kubwa ikaisha. "Watu wako wanapiga kelele barabarani, nyumba ya kwanza ile inawaka, na Sirili ananiambia, Mama, mafuta, Mama, upesi! Akiyapaka anasema, nikirudi nitaikuta muzima. Mi nikatia kitunguu. Nilikuwa nimezoea. Alinicheka. Na tuko tunakimbia, alinicheka."

Nilisimama wima. Wewe ulikuwa unanitazama usoni, si machoni, kama mtu anayesubiri kibali kwenye dirisha la ofisi.

"Yamekaangwa," nikasema.

"Kabisa?"

"Kabisa. Nunua."

Njiani kurudi ulikuwa unaimba nyimbo za kanisa kwa mluzi. Mimi nilikuwa nimebeba kikapu. Nilipofika nyumbani nilitoa lile begi chini ya kitanda, nikazipanga nguo za Neema rafuni, nikatundika cheti chake ukutani. Sikulia siku hiyo. Nililia siku nyingine, sokoni, mbele ya muuza dagaa, bila sababu.

Basi tukaileta. Uliifungua vipande, vikaja kwenye lori la ndizi, na kila kizuizi walitaka kujua ni silaha gani hiyo. Katika kizuizi cha mwisho ofisa mmoja alishuka garini, akaizunguka, akakuuliza kama mashine hiyo yaweza kutengeneza mtutu wa bunduki. Ulimjibu inatengeneza bushi. Wiki ileile askari wake wakaja uani kuandika jina lako na kukuambia mambo mawili: kwamba magari yao yakiharibika utayahudumia kwanza, na kwamba mashine haitoki mjini, na anayeitumia pia haondoki bila ruhusa yao. Walisema kwa upole, wakanywa maji yetu. Uliporudi ndani ulisema, "Angalau tuna kazi." Nikatazama cheti cha Neema pale ukutani.

Sitaidharau ile mashine. Ilitulisha. Wakati wengine wanauza vitanda vyao, Neema alikuwa anakwenda shule na viatu. Ulikereza bushi, shafti za mashine za kusaga, ekseli za baiskeli, vishikio vya magongo ya watu waliokatika miguu. Watu walikuja kutoka Carama na Gasenyi kwa miguu na vyuma vyao mabegani. Bibi Yudita alipata paa. Wewe uliacha kulala kifudifudi. Nilikuwa nasikia mlio wake kutwa nzima, na nilijua ukinyamaza nitoke nje kuangalia kama wewe umechukuliwa. Hayo ndiyo maisha niliyoishi, Baba Neema, nasikiliza mashine. Ningeweza kuondoka na Neema peke yetu. Nililifikiria sana. Kila nikifikiria nakuona umekaa mezani na sahani moja, basi naacha.

Sasa tufike kwenye swali lako. Ilikuwa ile alasiri mabomu yalipokuwa yanatoka vilimani na kuangukia mitaani. Sote watatu tulikuwa tumejilaza chini ya mashine, katikati ya miguu yake ya chuma, kwa kuwa ndicho kitu kizito kuliko vyote tulichokuwa nacho. Magoti ya Neema yalikuwa tumboni mwangu, ameziba masikio. Kiwiko chako kilikuwa shingoni mwangu. Kila kishindo mavumbi yalitumwagikia. Na wewe, kati ya siku zote na mahali pote, ukachagua kuniambia pale, mdomo wako uko karibu na sikio langu.

"Mama Neema. Siku ile Kamenge, bati haikunikata. Ni kuku."

Nilidhani umechanganyikiwa kwa woga.

"Mulipoenda kunywa maji, nilimuinua. Nilisogeza kigari. Nilikwangua chini yake. Chuma ilikuwa nyeupe, safi. Nilijua kila kitu mbele bado sijakuuliza."

"Sasa uliniuliza ya nini?"

"Nilikuwa najua begi iko chini ya kitanda. Nikasema, nitamuuliza. Akisema mabichi, tunaenda Kigoma, na sitasema neno. Akisema walikaanga, tunabaki." Bomu likaanguka mahali, karibu na msikiti nadhani, ukasubiri vumbi litulie. "Kama ungejua kama ni we uko unaamua, ungeniambia nini?"

Ninajua kwamba ulitaka kutubu kitu, au ulitaka nikusamehe kabla paa halijatuangukia. Lakini mimi nilihisi kama mtu aliyekaa gerezani miaka, halafu mlinzi anamwambia, ule mlango haukuwa na kufuli. Nilitaka kuinuka nikupige. Sikuweza hata kugeuza kichwa. Nikakuambia, "Nyamaza, mtoto anasikia."

Jioni kukatulia tukatoka, tukafagia, nikapika. Hukuniuliza tena, nami nilikuwa nakuwekea hasira. Nilikuwa nasema nitamjibu nikitaka, mtu huyu amenisubirisha miaka, naye asubiri. Haikupita hata mwezi. Asubuhi ya kawaida, kimya, ulikwenda kumpelekea mwenye mashine ya kusaga shafti yake, umeibeba begani umeifunga gazeti. Bomu moja tu siku ile. Moja. Walikuleta kwenye mkokoteni wa kubebea maji, na shafti walikuja nayo pia, haina hata alama.

Nimekuwa na hasira nawe kuliko huzuni, na nimeona haya kuisema kanisani. Watu wanadhani nalia kwa sababu umekufa. Nalia, ndiyo, nakukosa mpaka mifupani, nakosa hata ule mluzi wako mbovu. Lakini pia nalia kwa sababu uliniwekea mlango ambao ufunguo wake ulikuwa uongo. Ulinijua. Ulijua sitakudanganya juu ya mawese, si mimi, si binti wa mama yangu. Kwa hiyo uliniuliza swali ambalo jibu lake ulikuwa nalo, ukajiambia umenipa nafasi. Hukunipa. Na mimi nilisema kweli, na ile kweli ndiyo iliyotuweka hapa mpaka ile asubuhi.

Siku hizi barabara zimefunguka. Watu wanarudi kutoka makambini na magodoro yao, wanapiga kura, wanacheka barabarani jioni. Wale waliokuwa wanatukataza kuondoka wamehamishwa, au wamekufa, au wamekuwa wanasiasa. Hakuna tena anayesimama mlangoni. Na mimi bado nilikuwa nikiamka natazama kama mashine ipo, naifuta vumbi, nakaa kwenye kigoda chako, siku inakwisha. Dada ameandika tena. Chumba kipo, anasema, chumba kimekuwepo siku zote hizi.

Wiki hii amekuja fundi kutoka Uvira kuitazama. Amezunguka, amegonga, ameitukana vizuri, kwa hiyo ataichukua. Akaniuliza hali yake nikamwambia yote, gia uliyoitia jino, nati uliyoitengeneza upya, na kwamba reli karibu na kichwa imelika kidogo. Alishangaa mwanamke kusema ubaya wa anachouza. Akasema atarudi Jumamosi na lori kama nitakubali.

Alipoondoka Neema alikuja akasimama mbele yangu. Amekuwa mrefu, ana macho yako, na anaongea bila kuzunguka, sijui kalitoa wapi hilo. Akaniambia alisikia kila kitu siku ile, kuziba masikio hakusaidii kitu ukiwa umejikunja kifuani kwa mama yako. Kisha akasema, "Mama, mi nakuuliza wazi. Tuuze twende, ao tubaki? We unataka nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Baba yangu hakuniuliza, wewe hukuniuliza, vita havikuniuliza. Neema akasubiri, hakunikatiza. Nami nikasema, "Twende." Nimelisema kwa sauti ndogo sana, akaniomba nilirudie, nikalirudia.

Tutapita makaburini kesho kukuaga vizuri, tutapalilia, na nimeongea na mke wa jirani awe anakuangalia. Sikuachi kwa hasira tena. Imepungua nilipokuwa naandika, na imebaki ile ya kawaida, ya mke kwa mume. Ulikuwa fundi mzuri na mtu mwema, na uliogopa kuniuliza kwa sababu ulijua nitasema nini. Nami nakujibu sasa, kama ungeniuliza wazi siku ile pale bandani:

Mafuta yamekaangwa, Baba Neema. Mashine ni nzima. Twende zetu.

Mkeo,
Mama Neema